Kadi ya kurudishiwa pesa: nani anamrudishia nani?

Wewe huko Bongo jasho linakutoka vizuri na feni inazunguka. Mwenzio nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili na soksi nene za mpira, na wala siyo ubishoo. Hita tumeizima. Mwezi wa pili huu, Uingereza, hita imezimwa! Usicheke kwanza, subiri nikupe kisa chenyewe.

Tunaishi Reading, mji ulioko magharibi ya London, kama nusu saa hivi kwa treni ya haraka. Wabongo tupo wa kutosha, Jumamosi hukosi kualikwa pilau ya mtu. Mimi nabeba boksi zamu ya usiku, waifu anatunza wazee. Kila mwezi tukishalipa kodi ya nyumba, kinachobaki tunakigawa: chakula, nauli, bili, na kitu kidogo cha mama. Bi mkubwa yuko Mbagala. Kajenga vyumba viwili na sebule, kuta zimefika kwenye lenta, bati ndiyo hakuna, kwa hiyo yeye mwenyewe kapanga chumba kwa watu huku nyumba yake inanyeshewa. Mwanzoni mwa mwaka jana, 2025, nilimwahidi kwa mdomo wangu huu huu: "Mama, mvua za vuli zikija zitakuta bati." Kiweke hicho akilini, tutakirudia.

Basi bwana, Jumapili moja mwezi wa pili mwaka huo huo, akaja Anko. Siyo mjomba wangu wa damu, lakini si unajua tena, ugenini aliyekutangulia ndiye ndugu. Huyu ndiye aliyenipokea Heathrow nikiwa na begi moja na koti la kuazima, nikalala sebuleni kwake miezi mitatu bila kudaiwa hata senti. Mtu wa namna hiyo akikwambia kaa, unakaa.

"Shikamoo Anko."

"Marahaba baba. Hamjambo? Hebu nileteeni bili zenu zote hapa mezani."

Nikamletea. Umeme na gesi kampuni moja, intaneti nyingine, simu yangu nyingine, simu ya waifu nyingine. Akazipanga moja moja kama karata, akavaa miwani, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika eksirei mbaya. "Wanangu, mnatupa pesa."

Akafungua faili lake. Dili lenyewe lilikuwa hivi: kuna kampuni moja inakupa vyote, umeme, gesi, intaneti na simu, kwa bili moja. Kadiri unavyochukua huduma nyingi ndivyo unavyopunguziwa. Halafu, na hapo Anko alishusha sauti kama anatupa siri ya serikali, wanakupa na kadi. Unaiwekea pesa kwanza, kama vocha ya simu, kisha unaichanja dukani. Kwenye maduka waliyopatana nayo unarudishiwa asilimia fulani, na pesa hiyo inakatwa kwenye bili yako ya mwezi ujao. Wenyewe wanaiita keshibeki. Duka moja kubwa la vyakula lilikuwa linarudisha asilimia 4. "Yaani unakula, halafu chakula kinakulipia umeme!" akamaliza Anko.

Waifu, ambaye kwao Upareni hawadanganyiki kwenye hesabu, akauliza, "Sasa Anko, wao wanapata nini?"

"Hawatangazi kwenye luninga mwanangu. Pesa ya matangazo ndiyo hiyo wanaturudishia."

Lilikuwa jibu zuri, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili niliijua baadaye: pesa ya matangazo inakwenda pia kwa mawakala. Anko analipwa kwa kila nyumba anayoiingiza, anapata na chembe ndogo kila mwezi, na akimleta mtu mwingine awe wakala, humo nako anaonja. Siyo upatu, tusimsingizie mtu. Umeme ni umeme wa kweli na intaneti inafanya kazi. Lakini ujue tu kwamba anayekupigia hesabu ana mkono kwenye sufuria.

Tukasaini. Nusu kwa sababu ya ile asilimia 4, nusu kwa sababu huwezi kumwambia hapana mtu aliyekupa godoro.

Mwezi wa kwanza bili ikaja na mstari wa kijani: umerudishiwa paundi 9 na ushee. Loh! Nilijiona mjanja wa mji. Nikawaonyesha washikaji kazini, wakati wa chai nikawa mhadhiri wa uchumi. Wawili wakaomba namba ya Anko.

Sasa sikiliza kilichotokea bila sisi wenyewe kukitambua. Zamani tulikuwa tunanunua chakula kwenye maduka ya bei chee kama Aldi na Lidl. Mchele tunabeba mfuko wa kilo 10 kwa Mhindi. Jumamosi jioni tunapita sokoni wakati wanafunga, nyanya na ndizi zinauzwa bakuli kwa paundi moja. Baada ya kadi, mambo ya bakuli yakawa ushamba. Muuza nyanya gani wa sokoni atakurudishia asilimia 4? Tukahamia lile duka kubwa. Na ukishaingia mle ndani, taa zake, muziki wake, harufu ya mkate unaotoka jikoni... Nikaanza kula jibini yenye jina refu kuliko la kwangu. Waifu akishika kitu cha bei, namwambia, "Chukua bwana, kuna pesa inarudi."

Mwezi wa kumi na moja mama akapiga simu.

"Mwanangu, mvua zimeanza huku."

"Pole mama."

"Zile bati?"

"Sijazisahau mama. Tunaweka akiba, kuna mpango fulani hapa wa kupunguza bili, kila mwezi kuna hela inarudi."

"Alhamdulillahi. Sasa hiyo inayorudi mmeiweka wapi?"

Msomaji, nimeshaulizwa maswali na maofisa wa uhamiaji, sijawahi kukwama vile. Tumeiweka wapi? Nikamwangalia waifu, waifu akaangalia jibini.

Usiku ule hatukulala. Waifu akatoa kaunta buku lake la tangu zamani, tukakaa mezani na bili na risiti zote, na nakuwekea hapa kila kitu bila aibu, maana aibu nimeshaimaliza.

Kabla ya Anko, kwa mwezi, umeme na gesi vilikuwa paundi 138 kwa wastani, intaneti 24, simu mbili paundi 10 kila moja, ndiyo 20. Jumla 182. Baada ya Anko, umeme na gesi 136, intaneti 30, simu mbili 26. Hiyo ni 192. Toa punguzo la kuchukua vyote, paundi 5, inabaki 187. Ongeza ada ya kadi, paundi 2 kwa mwezi, inakuwa 189. Toa zinazorudishwa, wastani wa paundi 9 na peni 40, tunafika 179 na peni 60. Kwa hiyo kweli tumeokoa! Paundi 2 na peni 40 kwa mwezi. Anko hakusema uongo.

Waifu akafungua ukurasa wa chakula. Zamani, paundi 210 kwa mwezi. Tangu kadi, 235. Yaani ili turudishiwe paundi 9 na peni 40, tumetoa 25 zaidi. Ukichukua zile 25 ukatoa tulichookoa, tunapoteza paundi 22 na peni 60 kila mwezi. Zidisha kwa miezi kumi: paundi 226. Kwa thamani ya paundi siku hizi ni zaidi ya laki saba za Bongo. Paa zima haliishi hapo, lakini chumba cha bi mkubwa kingekuwa hakivuji. Bati zake tumezila, tena na mkate wa mbegu.

Nikaanza kuuliza hapa na pale na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, umeme na gesi. Huku msimamizi wa nishati, Ofgem, anaweka kikomo cha bei tangu Januari 2019, na tangu mwishoni mwa 2022 kinabadilishwa kila miezi mitatu. Kikomo hicho ni cha bei ya uniti na ada ya kila siku, siyo cha bili yako nzima. Ukitumia sana, utalipa sana. Na ile ada ya kila siku unalipa hata ukisafiri na kuzima kila kitu. Mwaka 2025 kwa umeme ilikuwa zaidi ya peni 50 kwa siku kwa wastani, na gesi kama peni 30. Kabla hujawasha hata taa ya chooni, paundi 24 kwa mwezi zimeshakwenda. Sasa kampuni ikikwambia iko chini ya kikomo, usirukeruke. Wapo wengine wengi waliokuwa chini ya kikomo, hasa kwenye mikataba ya bei iliyofungwa kwa mwaka mmoja. Karatasi ya Anko ilitulinganisha na kikomo. Haikutulinganisha na jirani.

Pili, kifurushi ni kama ukuta wa matofali. Ukitoa tofali moja, mengine yanatikisika. Nikitoa simu, punguzo linapungua. Nikitoa intaneti, linapungua zaidi, na intaneti yenyewe nimefungwa miezi 24. Kidogo tumebahatika: kwa mikataba mipya tangu tarehe 17 Januari 2025, msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, amekataza kampuni kupandisha bei katikati ya mkataba kwa kufuata mfumuko wa bei. Nyongeza lazima iandikwe kwa paundi na peni tangu siku unasaini. Kweli kwangu iliandikwa. Tatizo sikuisoma, nilikuwa naangalia asilimia 4.

Tatu, na hii ndiyo iliyonifungua macho: pesa inayorudi inatoka wapi? Nilidhani inatoka benki, kwenye ile ada ambayo duka linakatwa kila ukichanja kadi. Kumbe ada hiyo huku imewekewa kikomo tangu Desemba 2015, asilimia 0.2 tu kwa kadi za kawaida. Asilimia 0.2 haiwezi kuzaa asilimia 4, hata uiombee dua. Kwa hiyo kinachobaki anakitoa mwenye duka. Na mwenye duka siyo mjomba wako. Anakitoa kwa sababu anajua utamhama muuza bakuli, utakuja kwake, na utatoka na jibini.

Tusiwe wachoyo wa ukweli lakini. Yuko rafiki yetu mmoja pale Slough, ana watoto wanne, miaka yote ananunua kwenye duka lile lile, paundi 500 kwa mwezi. Yeye alipopewa kadi hakubadili kitu hata kimoja, na kila mwezi anarudishiwa 20. Kwake dili ni bomba. Tofauti yetu na yeye ni kwamba kadi ilimfuata yeye alikokuwa anakwenda, sisi tukaifuata kadi inakokwenda.

Ikabaki kazi ngumu: kumwambia Anko. Nilikwenda kwake Jumamosi na kaunta buku kwapani, nimejaa maneno. Nikamkuta kakaa kitini na mto mgongoni. Nikamfungulia hesabu. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kimya. Nikasubiri abishe. Hakubisha.

"Na mimi ni hivyo hivyo," akasema.

Akanieleza kwamba tangu mgongo umharibikie kwenye kubeba boksi, zamu zimepunguzwa. Kamisheni inayoingia kwa mwezi haizidi hela ya sigara, ila inampa sababu ya kuvaa shati safi siku ya Jumapili na kugonga mlango wa mtu bila kuonekana amekuja kuomba. "Sikukuingiza mkenge, baba. Mimi mwenyewe niliamini."

Msomaji wangu, maneno yote niliyokwenda nayo yakayeyuka. Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Tukanywa chai. Nikamwambia umeme na gesi nitaviacha palepale, maana bei ni ile ile na yeye apate chake. Simu tunazirudisha kwa paundi 10. Intaneti tunasubiri mkataba uishe, mwezi wa pili 2027. Kadi inaingia kwenye droo. Ukipiga hesabu, pamoja na kupoteza punguzo na hizo zinazorudi, tumepata nafuu ya paundi 18 na peni 60 kwa mwezi. Nikamwachia na ushauri mmoja: akimtembelea mtu, aombe na risiti za chakula, siyo bili peke yake. Akacheka, akasema atakosa wateja. Lakini nasikia siku hizi anaziomba.

Nawe uliyeko Kinondoni usidhani haya ni ya Wazungu tu. Fungua simu yako sasa hivi uhesabu meseji: nunua kifurushi upate bonasi, lipia kwa simu urudishiwe, jaza salio ushinde. Unanunua dakika ambazo hutaziongea na intaneti itakayokufa saa sita usiku. Na kufungwa pamoja siyo kwa kampuni tu. Si unakumbuka tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU? Mtu anaweka hela mwanzo wa mwezi, uniti zinakuja pungufu, analaumu mita. Vitu vikishafungwa kwenye furushi moja, macho yanapotea.

Hata hivyo LUKU ina ustaarabu mmoja ambao huku nimeukumbuka sana. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo: unaona uniti zinashuka, unajua pasi imekula ngapi. Hakuna mstari wa kijani wa kukupongeza. Nami nikaanza kuishi hivyo hapa Reading. Daftari liko juu ya friji, kila kinachotoka kinaandikwa, na kinachorudi hakihesabiwi mpaka kimetumwa Mbagala.

Kwa hiyo ukiletewa dili la namna hii, usiulize "narudishiwa ngapi?" Uliza vitu vitatu tu. Mwezi uliopita zilitoka ngapi mfukoni kwa kila kitu, chakula kikiwemo? Mwezi huu zimetoka ngapi? Na nikitaka kuondoka, mlango uko wapi na unalipiwa kiasi gani? Kama jibu la pili si dogo kuliko la kwanza, hiyo unayorudishiwa ni ya kwako, imetembezwa tu.

Na hita? Tumekubaliana na waifu: inawashwa saa moja asubuhi kabla sijalala na saa mbili jioni kabla sijatoka, basi. Siyo kwa ajili ya bili. Mama amepewa miadi na fundi wa paa wiki ya mwisho ya mwezi huu, kabla masika hayajaanza. Bati za chumba chake zimeshanunuliwa, zimeegeshwa ukutani kwa jirani, na kanitumia picha yake kasimama pembeni yake, amevaa kanga mpya. Nimeiangalia mara nyingi tu. Inapasha moto kuliko hita.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa. Ila ukiniona na jibini, nipige kofi.